Shanga Nimekata, Kiuno Bado Kinawasha

Mpendwa Mshauri Dufie, naomba msaada wako kabla sijamtukana daktari wa watu.

Mimi nafyatua matofali ya saruji hapa Kumasi, kiwanda ni changu, nimekianza kwa mikono hii, na mgongo ukanilipa kwa maumivu ya miaka tisa mpaka nikapandikizwa kile kifaa cha umeme, nyaya kwenye uti wa mgongo na betri chini ya ngozi ya kiuno, na maumivu kweli yakapungua zaidi ya nusu, hapo sina neno, lakini sasa ngozi juu ya betri imejaa vipele, inawasha na kutoa maji, nikarudi kwa daktari, akaziona shanga zangu, akacheka: "Mama, rangi ya hizo shanga ndiyo inakula ngozi. Kata." Shanga alizonivalisha marehemu mama! Nikakata. Vipele vipo palepale. Shanga zinazunguka kiuno kizima, mbona kunawasha upande wa betri tu? Nikamuuliza kama mwili unakikataa kifaa, akasema, "Kasha lake ni titani, na titani haimdhuru mtu." Wifi yangu Pokuaa naye: "Umewekewa kifaa cha wakubwa, bado unanuna? Jikune unyamaze." Mimi huyu, ambaye hereni za sokoni ziliniozesha masikio nikavaa uzi mpaka nilipomudu dhahabu! Nikikitoa, maumivu yanarudi na kiwanda kinakufa. Nikikiacha, ngozi inachunika. Nifanyeje?

Birago

Birago dada yangu,

Kukukatisha shanga bila kupima chochote ni uvivu, tena wa dharau. Lakini nawe! Habari ya hereni umeniandikia mimi, yeye ulimwambia? Bila shaka alikuuliza dawa zinazokudhuru, nawe ukajibu dawa tu.

Titani husumbua wachache, ila kifaa si titani tupu: kina gundi, mpira na metali nyingine, labda ileile ya hereni zako. Kesho nenda ukapimwe maambukizi, ngozi inayotoa maji juu ya betri haingojwi. Ukiona usaha, homa au chuma chenyewe, nenda saa hiyohiyo. Usipake mafuta ya shea wala majani. Kisha dai daktari wa ngozi akubandike mgongoni chembe za vitu vilivyomo kwenye kifaa, aone ngozi inakataa kipi. Daktari wako awaulize waliokitengeneza vitu hivyo ni vipi. Kama si maambukizi, usikubali kitolewe kabla ya majibu. Huenda kuna cha namna nyingine kitakachokufaa.

Pokuaa mwambie utanyamaza siku betri itakapohamia kiunoni kwake.

Na shanga za mama zitunge upya. Siku ya kumpelekea daktari majibu, zivae. Azione.