Ngazi Ulizozipanda Peke Yako

Mpendwa Mama,

Mwili wangu haujatulia hadi leo. Nimepika, nimefua, nimeswali, lakini nikikaa tu kitako moyo unanienda mbio kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Ijumaa nilikuja kaburini kwako, nikakuombea dua, nikataka kukueleza. Maneno yakakataa. Basi nakuandikia, na naandika wazi kila mtu asome, kwa sababu jambo lenyewe limeshatoka mikononi mwetu wawili.

Mama, nimejua ulivyokuwa ukizipanda zile ngazi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengi yamepita tangu utuache. Mimi sasa ndiye katibu wa ushirika wenu, ule wa akina mama wa samaki mliouanzisha wewe na shoga yako Bi Tatu, mlipochoka kila mmoja kupangiwa bei peke yake pale sokoni. Ofisi ilikuwa bado palepale Mji Mkongwe, juu ya ile nyumba ya mawe. Ngazi ni zilezile za nje, nyembamba, zimelika katikati, hazina pa kushika. Wanachama waliipenda mno ofisi ile. "Ukiwa ghorofani hata mnunuzi kutoka Dar anakuheshimu," walikuwa wakisema.

Kuna mwenzetu mmoja hukuwahi kumjua, Zaituni wa Mapinga. Ni mwanikaji wa dagaa. Dagaa wake hawana hata chembe ya mchanga, na ulimi wake hauna hata chembe ya woga. Ugonjwa wa sukari ulisababisha akatwe mguu. Alipopona akarudi mkutanoni na magongo, kama yako, ila yake ya chuma. Bajaji ikamshusha chini ya ngazi. Sisi tulikuwa tumeshapanda. Niliposikia kelele nikachungulia, nikaona wenzetu wamemzunguka, wawili wameshamshika makwapani, mmoja anacheka kwa furaha kabisa, "Njoo tukubebe, bibi harusi!"

"Niacheni," Zaituni akasema. "Mimi si gunia."

Wakamwachia. Akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akaomba tuwe tunapaza sauti ili asikie tunachozungumza. Tulijaribu. Baada ya muda nilipochungulia tena hakuwapo. Wiki ile akanipigia simu. "Katibu, nitoeni kwenye ushirika. Sina ugomvi na mtu."

Nilishindwa kula siku ile. Wewe ulinilea juu ya magongo yako, Mama. Mguu wako ulipooza tangu utotoni, na mimi sikuwahi kuuona kama kitu cha kuzungumzwa. Ulikuwa ukiniambia, "Usinisaidie mpaka nikuite," na hukuwahi kuniita. Nikamwendea mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi, nikamwambia ipo nyumba ya kupanga karibu na soko, iko chini, mlango mpana, choo kipo hapohapo uani. Tuhamie huko.

"Rukia," akasema, "tuhame wote kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Nipe nafasi niwaulize wanachama."

"Waulize. Lakini ukumbini wakikataa, yaishe."

Nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Wale wale waliokuwa wakiisifu ghorofa, nikiwakuta jikoni kwao wananong'ona. Mmoja ananiambia magoti yanawaka kila akipanda, "lakini usinitaje." Mwingine mjamzito, alishateleza akaangukia mkono, akasema nyumbani kwamba aliumia kisimani. Mwingine macho yake yameingia ukungu, anashuka kwa kupapasa ukuta, na anasubiri watu watangulie ili wasimwone. Kila mmoja alidhani ngazi zile zimemshinda yeye tu. Kila mmoja alikuwa na aibu yake ameifungia ndani. Nikamwomba kila mmoja jambo dogo: siku ya mkutano asimame aseme sentensi moja, ya kwake mwenyewe. Wengine walikubali, wengine walinipa chai tu.

Bi Tatu nilimwacha wa mwisho, kwa sababu nilijua kwake sina kazi ya kushawishi. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, vidole vyake vikitembea kwenye ungo, hakuinua uso. "Nimekusikia, mwanangu," akasema. Mimi nikadhani amekubali.

Siku ya mkutano nikasimama, nikasema yangu. Wale walioniahidi wakanong'ona, mmoja akaanza kuinuka. Bi Tatu akamtangulia.

"Marehemu mama yake huyu katibu," akasema, "alikuwa na mguu mmoja wa kusimamia. Mmewahi kumwona amekosa mkutano? Mmewahi kumkuta amechelewa? Tukija sisi tunamkuta ameshakaa juu, kanga yake safi, anatungoja. Hakulalamika hata siku moja. Leo sisi wenye miguu miwili ndio tunataka kushushwa chini?"

Mama, walipiga vigelegele. Walilishangilia jina lako. Nilisimama pale nikiona mama yangu mzazi anageuzwa fimbo ya kunichapia. Yule aliyekuwa ameanza kuinuka akakaa, akajifanya anatengeneza mtandio. Bi Mwanaidi aliniona nilivyobadilika, akanionea huruma, akasema uamuzi utatolewa mkutano ujao.

Baada ya Alasiri nikaenda kwa Bi Tatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ametazama pembeni.

"Mama Tatu," nikamwambia, "mimi ni mtoto wako. Ungeweza kunikataa jikoni kwako. Kwa nini umemtumia mama?"

Akatia shungi vizuri, akalitoa, akalitia tena. Kisha akaanza kulia, Mama, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti.

"Mama yako aliniapisha," akasema.

Akanieleza. Siku moja, ushirika ukiwa bado mchanga, alikwenda ofisini mapema kufagia. Akakukuta katikati ya ngazi. Umekaa kitako, umezipa ngazi mgongo, unajiinua kwa mikono ngazi moja hadi nyingine, na magongo umeyafunga kwa kanga kiunoni, yanakufuata nyuma yakigonga mawe. Nguo yote vumbi. Viganja vinatoka damu. Ukamwona. Hukulia wala hukukasirika. Ulimwambia, "Tatu, ukimwambia mtu, hata mwanangu, mimi hapa sikanyagi tena."

"Tangu siku hiyo," Bi Tatu akaniambia, "nikawa nakuja mapema kila mkutano. Nasimama pale chini, nazuia watu wasikaribie. Namwambia huyu nenda kaninunulie sabuni, yule nenda kamwite fulani. Na mama yako namgeuzia mgongo ili hata mimi nisimwone. Kushuka alisubiri wote tuondoke. Na chai hakunywa siku za mkutano, mwanangu. Choo kilikuwa chini."

Nilikuwa nakuona. Nilikuwa naiona ile alfajiri, wewe umeshatoka na jua halijachomoza, nami kitandani najivunia kuwa na mama mwenye bidii. Naiona kanga ya pili uliyokuwa ukiitia kikapuni. Niliwahi kukuuliza ya nini, ukanijibu, "Mtu hakai mbele za watu na kanga ya njiani." Niliona ni unadhifu. Ile ya njiani nilikuwa naifua mimi, Mama. Vumbi lile lilipita mikononi mwangu.

"Sasa kwa nini ukanipinga?" nikamuuliza.

"Nikaona mkizizungumza zile ngazi, atakuja mtu aulize, Je, yule alipandaje? Nilikuwa namsitiri shoga yangu."

"Na Zaituni? Nani atakayesimama chini ampe mgongo?"

Nikaaga, nikaondoka, sijui atafanya nini. Sikumwomba lolote. Ilikuwa ahadi yenu ninyi wawili.

Mkutano uliofuata tulikutana chini kwanza, watu wanasalimiana kabla ya kupanda. Bi Tatu akaja. Akavua ndala, akaziweka pembeni vizuri, akakaa kwenye ngazi ya kwanza akitutazama sisi. Halafu akaweka viganja kwenye ngazi ya nyuma yake, akajiinua.

"Bi Tatu, umeanguka?" mtu akamkimbilia.

"Sijaanguka. Tulieni, mtazame."

Akajiinua tena. Na tena. Mwanamke mzima yule, Mama, mwenye wajukuu, mwenye kuswalisha wenzake, anapanda ngazi kwa makalio mchana kweupe. Kanga ikaanza kumvuka, akaivuta, akaendelea. Tulisikia pumzi zake. Tulisikia bangili zake zikigusa ukuta. Mtu mmoja alicheka kidogo, kisha akaacha. Katikati akasimama, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti iliyokatikakatika:

"Hivi ndivyo alivyopanda mama yake Rukia. Kila mkutano. Mara ile niliwaambia hakulalamika. Kweli, hakulalamika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mliposimama, nimempa mgongo."

Hata wauza miwa wa barabarani waligeuka kutazama kuna nini. Bi Mwanaidi aliweka kiganja mdomoni. "Yule?" akasema. "Yule aliyekuwa akitutangulia?" Akamtazama kila aliyekuwa karibu, kama mtu anayengoja aambiwe kwamba si kweli. Wawili wakapanda kumshika Bi Tatu. "Msinishike!" akawafokea. "Acheni mwone mpaka juu."

"Shuka, mama yangu," Bi Mwanaidi akasema. "Tumeona. Mkutano tunaufanyia hapahapa chini."

Tukatandika mikeka kivulini mwa nyumba. Mwenye magoti mabovu akasimama akasema magoti yake. Mjamzito akasema kisima kilikuwa uongo. Mwenye macho akasema macho. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa na mimi. Mwanachama mmoja alibaki na msimamo kwamba kuhama ghorofani ni kushuka hadhi, akapinga, na hiyo ni haki yake. Waliobaki wote waliinua mikono.

Sasa nakuuliza, Mama, ingawa najua hutanijibu: umekasirika? Siri yako imeanikwa mbele ya uliotaka wasiijue. Hilo linanisumbua. Bi Tatu naye linamsumbua, anakuombea kila baada ya swala, na anaomba umwie radhi. Lakini kinachonitetemesha hasa si namna uliyopanda. Ni kwamba ulikaa miaka katikati ya wanawake waliokupenda, na mimi mwanao niliyekupenda kuliko wote, na hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kujiuliza umefikaje pale juu. Tulikukuta umekaa, tukaona inatosha. Nikilifikiria hilo nashtuka upya, kama nimeambiwa leo.

Tumehama. Nilikwenda Mapinga mwenyewe kumwambia Zaituni, akanijibu kwa neno moja tu, "Tutaona." Siku ya mkutano wa kwanza mahali papya akaja. Akaingia kwa magongo yake hadi mbele, akachagua kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumkaribisha. Hakunipa nafasi. Tulipofika kwenye bei ya dagaa akasimama, akasema bei iliyopendekezwa ni ya watu waliolala, kamati imelala, mwenyekiti amelala, na katibu, yaani mimi, ndiye anayekoroma. Akabishana na Bi Mwanaidi mpaka mashungi yakawavuka wote wawili. Watu wakagawanyika. Mkutano ukawaka.

Bi Tatu akaniinamia sikioni. "Ndiye huyu uliyekuwa ukimpigania?"

"Ndiye."

Tukacheka kwa siri. Kisha kicheko kikanikatika, kwa sababu nilikukumbuka wewe mikutanoni. Wote tulikuwa tukikusifu kwa upole. Mama mpole, tulisema, anakaa kimya kwenye kona, hana maneno mengi. Nikamtazama Zaituni, amefika na nguvu zake zote, sauti inajaza chumba, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba huenda hukuwa mpole hata kidogo, Mama. Huenda ulikuwa umechoka.

Ningetoa chochote kukusikia ukigomba.

Lala kwa amani ya Mola wako, na huko uliko pawe tambarare.

Mwanao, kitindamimba wako,
Rukia