Komwe za Mwalimu Mwanasha

Jumatano, Msambweni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika, na mimi nina kijicho. Afadhali niandike hivyo hivyo, maana kumwambia mtu siwezi.

Mzungu wetu wa sayansi anarudi kwao. Bendera ni yetu, na chumba cha sayansi kitakuwa chetu pia. Siku zote nilijua atakayekirithi ni mimi. Leo mkaguzi alikuja kutoka Kwale kuchagua kati yangu na Mwanasha, mwalimu aliyetoka chuoni juzi tu, hata chaki hajaizoea.

Somo letu lilikuwa moja: muundo wa atomu ulijulikanaje. Mimi nilianza. Nikaandika ubaoni, watoto wakaimba kama kasuku: mwanasayansi alirusha chembe ndogo mno kwenye dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, karibu zote zikapita, chache zikarudi nyuma, ndipo ikajulikana kwamba atomu ni uwazi mtupu, yenye kiini kidogo kizito katikati. Mkaguzi alipiga miayo.

Mwanasha, ambaye zamu yake ilikuwa baada ya mapumziko, yeye alikuwa ameweka ubao mpana juu ya matofali manne, kanga zikining'inia pande zote, na chini yake ameficha figa la jikoni kwake. Watoto wabiringishe humo chini komwe, hizi hizi za kuchezea bao, watazame zipi zinapita na zipi zinarudi, kisha waseme kuna nini ndani bila kuchungulia.

Lo, jambo zuri vile! Kwa nini halikunijia mimi?

Wakati wa mapumziko niliingia darasani peke yangu, nikalitoa lile figa, nikalitia mkobani mwangu. Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi sababu ninayo, ila ni mbaya.

Kipindi chake kikaanza. Mwanasha akawaambia watoto kuna kitu humo, wakitafute. Komwe ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Zote zikapita. Jasho likamtoka, nami nimeketi nyuma nangoja aibu yake kwa raha zangu. Akawahamisha upande huu na upande ule, wapi! Mwishowe msichana mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, humu hamna kitu."

Nilidhani Mwanasha atamkaripia. Akainua kanga. Kweli, hamkuwa na kitu.

Mkaguzi akapiga makofi! Eti mtego mzuri ajabu, watoto wameziamini komwe kuliko mwalimu wao.

Mwanasha angenyamaza tu, sifa ingekuwa yake. Akasema, "Si mtego, bwana. Figa nililiweka mwenyewe, na sijui limekwenda wapi. Niliyekosea ni mimi, watoto wamesema kweli."

Hapo hapo akapewa ufunguo.

Roho inaniuma, lakini si kwa ajili ya chumba tena. Asubuhi nilimwonea kijicho somo lake. Sasa namwonea kijicho maneno yale. Mimi ningesifiwa vile, ningeinama na kusema ahsante. Wallahi ningesema ahsante, na njia nzima ya kurudi nyumbani ningekuwa nasimulia.

Kesho, kabla ya kengele, nitampelekea figa lake na kumwambia nani alilichukua.

Nimeandika kesho. Nyumba yake ni hiyo ya pili, na mlango uko wazi.