Chapati Aliyopewa Ng'ombe

Kakamega, Jumanne, Machi 1964

Mvua imekataa kunyesha tangu mchana. Ngurumo tu, na joto la kukaba roho. Nimekasirika, tena nimeaibika, na sijui niandike lipi kwanza.

Miaka yote niliyofanya kazi kwa memsahib, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, jiko lake nililiona kutoka mlangoni tu. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga deki. Uhuru ulipokuja, ghafla akaniita, "Mama Ayubu, kuja pika." Akanifundisha kuchemsha dengu za manjano mpaka zivurugike, kisha kuzimwagia samli ya moto yenye jira na haradali inayopasuka-pasuka. Akanifundisha kusukuma zile chapati nyembamba ambazo ukiziweka juu ya makaa zinavimba zenyewe.

Dalili ya mvua ni mawingu. Wema huu umetoka wapi?

Kwanza, jikoni mwake hakuna anayeonja. Nikiinua mwiko, ananizuia. Kwetu anayepika pombe au chakula ndiye huonja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Asiyeonja chakula chake ana neno moyoni. Wiki jana alinipa dengu nipeleke nyumbani, na mama mkwe wangu akasukuma bakuli pembeni. "Kama yeye hakuonjanga, mimi sikuli," alisema.

Halafu kuna huyo ng'ombe. Kila chapati yangu ya kwanza ikitoka motoni, memsahib anaitwaa, anaipeleka uani kwa ng'ombe wa jirani, na anasimama pale kumtazama akitafuna. Chapati ya mikono yangu, inajaribiwa kwa ng'ombe!

Anadhani nitawaua.

Mjini maneno ni mengi siku hizi. Wanasema Wahindi wanawaogopa watumishi wao, na wengine wanafunga maduka waende zao. Lakini mimi? Mimi ambaye sijawahi kuchukua hata kijiko cha sukari kwake? Iliniuma sana, nikaamua leo nimwonyeshe moyo wangu.

Chapati ya kwanza ilipoiva sikumpa. Niliikata, nikaichovya ndani ya sufuria ya dengu, nikala nikimtazama machoni. Kwetu hicho ni kama kiapo.

Memsahib alishika kichwa. "Mungu bado kula! Wewe nakula mbele ya Mungu?"

Ndipo akanieleza, karibu kulia. Chakula chao hupelekwa kwanza mbele ya picha ya Mungu wake, na kabla ya hapo hakuna ulimi unaokigusa, hata wake mwenyewe. Na chapati ya ng'ombe? "Ngombe ni mama. Mama napata ya kwanza." Nikamuuliza kwa nini basi ameniingiza jikoni sasa, baada ya miaka yote. Akatoa mikono aliyokuwa akiificha chini ya sari. Vifundo vya vidole vimevimba, haviwezi kusukuma donge hata moja bila maumivu.



Sufuria nzima alinipa nije nayo nyumbani, kwa kuwa haifai tena kupelekwa kwa Mungu. Kisha akaketi, akakanda unga upya yeye mwenyewe, akijiuma midomo kila alipousukuma. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Akatikisa kichwa.

Nyumbani mama mkwe aliuliza, "Nani ameonja?"

"Mimi," nikasema.

Akala. Akaomba aongezewe, akasema kumbe huyo Mhindi ni mtu mzuri. Watoto wamelamba sahani. Mimi sehemu yangu nimewaachia wao.

Basi hapa kwangu wote sasa wanamwamini memsahib. Asubuhi nitakapobisha mlango wake, je, yeye ataniamini tena nishike unga?