Katuni ya Kijapani Imemliza Mama Mkwe

Mpendwa Anti Mwanaharusi, naomba msaada, ndoa yangu inataka kuvunjika hata haijafungwa. Mimi ni Consolata wa Bunda, nina miaka ishirini na saba, na naangaliaga sana katuni za Kijapani, siyo za watoto, zile ndefu zenye visa vya maisha, mchumba wangu Wanzagi alikuwaga ananicheka tu, sasa juzijuzi nikaenda Nyamuswa kumsalimia mama yake, maana ng'ombe wa mahari wanakaribia kuja kwetu, tukawa tunachambua mchele, nikamwekea katuni moja kwenye simu, maandishi ni ya Kiingereza kwa hiyo mimi ndiyo namtafsiria, ikafika mahali bibi mmoja anampakulia chakula mumewe aliyekufa, bibi anakaa tu kuitazama sahani, hakuna maneno ya kutafsiri, mara mama akaangua kilio, jamani, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba! Baba yake Wanzagi alifariki mwaka jana na mama hakulia hata siku ya mazishi. Shangazi yao Bhoke akasema mkwe anayeleta kilio kabla ng'ombe hawajatoka ni mkosi, Wanzagi naye aliposikia akafoka, "Umemdhalilisha mama kwa vikaragosi! Chagua, katuni au mimi." Kufuta hizo katuni nitafuta, Anti, lakini mama ananipigiaga kwa siri, "Mwanangu, yule bibi aliishia wapi?" na mimi namdanganya simu imeharibika. Nifanyeje?

Consolata, pole mwanangu. Ila huo uongo uache leo hii! Mjane anakuomba kitu kimoja, wewe unasingizia simu?

Mimi ni mzaliwa wa Kiabakari, si mbali na huko kwenu, na huo mkosi wa Bhoke ndiyo kwanza nausikia kwako. Mama alilia msiba wake, kilio kilichelewa tu. Waliochora katuni hiyo hawaijui Nyamuswa, lakini kufiwa wanakujua. Hapa mtaani kwangu Iringo kuna wamama wauza samaki wa sato wanasimuliana hizo katuni kama habari za jirani, na hakuna aliyeachika.

Wanzagi simchukii. Alimzika baba akajikaza, sasa kilio cha mama kinamtisha. Lakini hilo "chagua" ni ubabe, mwambie nimesema mimi.

Jumamosi panda basi uende, simu imejaa chaji. Mmalizishie mama katuni yake, na Wanzagi umkalishe pembeni yake. Akikaa mpaka mwisho, hata kwa kununa, huyo ni mume, olewa. Akiinuka akamwacha mama yake analia peke yake, mwambie ng'ombe wake wabaki kwao.