Papa, Sikubaki Butembo

Papa,

Walikuzika kule Masereka, kijijini kwenu, bila sisi. Naanza na hilo kwa sababu bado halijanitoka. Barabara ya huko ilikuwa imefungwa, na habari tuliletewa na wamama waliopita njia za milimani na mizigo ya maharagwe: kwamba ulipigwa risasi ukitoka kwenye kazi ya kujenga kanisa, kwamba Koko, mama yako, alikuosha mwenyewe kwa mikono yake, kwamba umelazwa nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya shamba la viazi. Mama aliwasikiliza amesimama. Walipomaliza, aliwapa maji ya kunywa, akaingia ndani, na tukasikia anaanguka.

Tulifanya matanga bila mwili. Watu wa Beu, mtaa wetu wa Beni, walikuja wakajaa uani, wanawake wakaimba, na mimi nilikuwa naangalia njia tu. Mtu ambaye hujamwona amelala, macho hayakubali.

Sasa nataka kukuambia mambo ya shule, maana ndiyo uliyoniachia mkononi.

Matokeo ya konkuru, ule mtihani wa kuingia sekondari, yalifika matanga hayajaisha. Baba mdogo Kasereka, mdogo wako wa Mususa kule Butembo, alimtuma dereva mmoja aje kusema: Kavira amepita. Kati ya wasichana wote waliojaa ule uwanja, lisee ya masista ya Butembo ilichukua darasa moja tu, na jina langu lilikuwamo. Watu waliokuja kulia walianza kupiga vigelegele, halafu wakakumbuka wako wapi, wakanyamaza.

Hakuna aliyeniuliza kama nitakwenda. Mama alisema, "Neno ya papa yako haikufa naye," basi, mambo yakaisha hapo. Hata mimi sikujiuliza. Nilikuwa nakumbuka ile siku ya mtihani, ulivyonisindikiza mpaka mlangoni umevaa koti lako lenye madoa ya simenti, baridi ya Butembo inatutoa moshi mdomoni. Wazazi wengine walikuwa wanawapa watoto wao mashauri marefu. Wewe ulikwaruza ukuta wa shule kwa ukucha, ukatikisa kichwa kama fundi anayemheshimu fundi mwenzake, ukasema, "Hawa walijua kuchanganya." Halafu ukaniangalia: "Andika polepole, Kavira. Mwenye haraka anasahau hata jina yake."

Na shule ya hapa kwetu je? Ile uliyoijenga wewe na wazazi wenzako, ukuta kwa ukuta? Majirani walipokuuliza kwa nini usinipeleke pale, karibu hivi, ulikuwa unacheka: "Mimi niliijenga, najua yenye iko ndani. Hapana kitu!"

Nilisafiri na Baba Amina, yule jirani yetu Mwislamu mwenye lori la mafuta ya mawese. Mama hakuweza kuja, mdogo wangu Kahindo alikuwa na homa. Alimwambia Baba Amina mbele ya watu wote, "Nakupa mutoto. Umufikishe mukononi mwa Kasereka, hapana kwa mutu mwingine." Naye akaweka mkono kifuani.

Katikati ya njia kulikuwa na bariere, kizuizi cha askari. Askari walipiga kelele kwa Kilingala chao, "Bino nyonso, kita!" Wote mshuke. Tukashuka. Wanaume waliwekwa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Askari mmoja alifungua begi langu, akatoa sketi ya bluu na shati jeupe, akavishika kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu. Niko naenda masomo Butembo."

"Musichana wa masomo, peke yake, na vita hii? Nani alikutuma? Uko nabebea nani habari?"

Baba Amina alitaka kusema, wakamwambia anyamaze. Yule askari akanivuta mpaka kwenye gunia moja lililokuwa na maandishi ya Kifaransa, akaligonga kwa mtutu wa bunduki. "Kama uko mwanafunzi, soma."

Papa, nilisoma. Yalikuwa maneno ya kuweka gunia mahali pakavu, pasipo na jua. Mkojo ulikuwa karibu unitoke, lakini nilisoma polepole, kila neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama yeye mwenyewe alijua kusoma. Akasema, "Donc, kumbe ni kweli," akanirudishia begi, akabaki na viatu vyangu. Niliingia lisee na viatu vya binti ya baba mdogo, vikubwa, nimevijaza karatasi mbele.

Na niliipenda, Papa. Lazima nikuambie, usije ukafikiri niliikimbia. Niliipenda ile baridi ya asubuhi na kengele, na chumba chenye chupa za vioo ambamo tulifundishwa kemia, na Sista prefe, mkuu wa shule, aliyejua majina yetu yote kabla hatujamaliza juma. Nilikuwa nasema, hapa ndipo nitakapokuwa daktari, kama ulivyomwambia kila mtu aliyekohoa karibu nawe.

Halafu vita viliingia Beni.

Tuliona watu kwanza, habari ikafuata. Walifika Mususa kwa miguu, na magodoro kichwani, na kuku. Kila nikitoka darasani nilikwenda kusimama pale malori yanapoingilia mji, nauliza: mumetoka Beni? Mumepita Beu? Wengine walinijibu, wengine walipita tu kama sikusema. Mwanamke mmoja alisema Beu yote imeungua. Mwingine akasema hapana, ni upande wa soko. Baba mdogo alinikataza kwenda, mais nilikwenda. Darasani nilikuwa naandika vitu nisivyovisikia.

Siku moja lori la Baba Amina likaingia. Kioo cha mbele hakikuwapo. Alishuka, akaniona, akasema haraka kabla sijauliza, "Wazima. Wote wawili bazima." Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Akachuchumaa karibu nami. Naona hakutaka kuniambia mengine, lakini ni mtu asiyejua kuficha. "Mama yako aliumia muguu. Batu wote ba ile avenue walikimbia, sisi tulimuita, tulimuvuta mukono. Alikataa. Alisema, 'Kavira aliahidi atakuja wakati wa kupumuzika. Akifika akute nyumba mutupu, ataenda wapi?' Alikaa ku mulango anakungojea. Bombe ilianguka ku jikoni ya jirani, chuma ikaingia ndani ya muguu. Kahindo alikuwa chini ya kitanda."

Papa, tangu hapo hakuna kitu cha lisee kilichoingia tena kichwani mwangu. Niliona jambo moja tu: vita vitarudi, kama vinavyorudi siku zote, na Mama atakaa tena mlangoni kuningojea.

Nilikwenda kwa Sista prefe kumwambia narudi nyumbani. Hakunigombeza. Alisema, "Mutoto wangu, mimi sikufukuzi. Mais ukitoka, kiti yako sitaweza kukuchungia. Wazazi wamejaa inje." Aliniambia nifikiri mpaka kesho yake. Nilifikiri. Nilirudi na jibu lile lile, na yeye akanishika bega.

Baba mdogo ndiye aliyenigombeza. Alisimama katikati ya duka lake, wanunuzi wanasikia. "Masomo ya Beu? Kule basoda balichoma mabanki ya kukalia ku moto ya kupika! Batoto banaketi juu ya matofali! Utasoma nini kule, utakuwa nani?" Nilimwambia sijui nitakuwa nani. Nilimwambia Mama hatakimbia bila mimi. Akasema, "Mama yako ni mutu muzima." Nikasema ndiyo. Hapo akashusha sauti, na ndipo iliponiuma: "Umemuzika kaka yangu mara ya pili."

Nilivua viatu vya binti yake, nikaviweka mbele ya mlango, nikapanda lori na kandambili.

Nilifikiri Mama atanikumbatia. Alikuwa ameketi uani, mguu umefungwa kitambaa, anachambua majani ya sombe. Aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Nani alikuita?" Basi. Alirudi kwenye majani yake. Kwa majuma mengi aliniambia maneno ya kazi tu: leta maji, funika chungu, muogeshe Kahindo. Koko alituma salamu kutoka Masereka, Mama akazipokea, na kwangu hakusema hata Koko amesema nini.

Nikaandikishwa shule ya hapa. Baba mdogo hakudanganya: askari walichoma mabanki. Kuta zako zimebaki, Papa, zina matundu ya risasi upande wa barabara, lakini zimesimama. Tulikaa juu ya matofali mpaka parokia ikatuazima viti vya kanisa, ambavyo kila Jumamosi tunavibeba kichwani kuvirudisha kwa ajili ya misa. Mwalimu wa hesabu anauza mafuta ya taa sokoni asubuhi, anakuja kwetu na mikono inanuka. Anafundisha vizuri. Wa fizikia alikimbilia Uganda, na hakuna aliyechukua nafasi yake. Na hapa hakuna sehemu ya biolojia na kemia. Kuna pedagojia peke yake, masomo ya ualimu. Ndiyo ninayosoma. Nakuambia wazi, nyumba yetu haitakuwa na daktari, si kutoka kwangu. Binti ya baba mdogo anajua sasa vitu ambavyo mimi sitavijua. Siku nyingine nikimkumbuka yule Sista, najisikia kama mtu aliyetupa chakula.

Halafu milio ya risasi ikarudi, kama nilivyojua itarudi. Ilikuwa asubuhi, tuko katika sarufi. Mwalimu alitulaza chini, tukasikia zinapita juu ya mabati. Ziliponyamaza kidogo, akafungua mlango. "Kila mutu kwabo. Kimbieni, hapana simama njiani!" Nilikimbia. Unajua ni karibu, uliwahi kusema mtu anaweza kutema mate kutoka uani kwetu yakaanguka shuleni. Nilipokata kona nilimwona Mama amesimama mlangoni.

Lakini Kahindo alikuwa tayari mgongoni mwake, na shuka la vitu limefungwa. Aliniona. Hakusema jina langu. Alinitupia sufuria, nikaidaka, na tukaondoka, yeye anachechemea, mimi nyuma yake namsukuma kiunoni pale penye mlima. Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa tulisikia nyuma yetu moto umeanza. Kwetu haukufika. Wale majirani waliobaki kungoja watoto wao waliosoma mbali, wawili hatukuwakuta wazima tena tuliporudi.

Si jambo la kusema, "mumeona sasa?" Watoto wao ni rafiki zangu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunafua, mimi na Mama, peke yetu. Nilikuwa nasugua lile shati jeupe, limeanza kuwa la manjano kwapani. Mama alisema bila kuniangalia, "Papa yako hangekubali."

Nikasema, "Najua."

Alikamua nguo, akaikung'uta, akaitundika. Nikafikiri amemaliza. Akasema, "Mais mimi, tangu urudi, niko nalala usingizi."

Basi, Papa. Hayo ndiyo niliyotaka uyasikie kwangu, yasikufikie kwa mdomo wa baba mdogo. Mwaka ujao nitafanya mtihani wa serikali nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kanisa. Sijui kama nitapita. Fizikia inanitisha sana.

Barabara ya Masereka ikifunguka nitapanda na Mama na Kahindo, mguu wa Mama ukikataa nitambeba. Matokeo nitakuletea mwenyewe, nitayasema kwa sauti pale juu ya viazi vya Koko. Kama nimepita nitakuambia. Kama nimeshindwa nitakuambia vilevile, halafu nitarudi Beu kurudia mwaka.

Pumzika, Papa. Kwenu kuna baridi, na Koko yuko karibu.

Mtoto wako,
Kavira