Koti la Njano kwenye Kiti Changu

Astoria, Oregon
Jumapili, 28 Septemba 2014

Mdogo wangu Ardith,

Salamu kutoka pwani ya mvua. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo hunitabiria mvua kana kwamba huku kuna siku isiyonyesha. Wewe hujambo? Nyumba haivuji? Ule mtufaha wa baba umezaa mwaka huu au umegoma tena?

Jana nilitazama mechi ya chuo chetu, mpira wa Kimarekani, kama tunavyotazama sisi wote tuliotawanyika mbali na Harwick: televisheni nimeizima sauti, na kwenye kompyuta nimefungulia redio ya nyumbani, nimsikilize Merle Haskamp akitangaza kwa ile sauti yake ya mtu anayetafuna. Watangazaji wa televisheni hata jina la mji wetu hawalitamki sawasawa. Merle ana umri wangu na huchanganya namba za wachezaji, lakini ni mtu wetu.

Tumeanza msimu kwa kushinda mara tatu. Sasa tumefungwa mechi ya pili mfululizo, na si kufungwa tu. Ardith, kuna jambo. Vijana wetu wakitaka kurusha mpira, wapinzani wanarudi nyuma kabla mpira haujaondoka. Wakitaka kukimbia nao, wapinzani wanajazana mbele kama watu kwenye foleni ya mkate. Wanajua. Nimeishi na ramani na wanafunzi maisha yangu yote, na mtu anayekisia namfahamu. Hawa hawakisii. Kuna anayewaambia.

Wewe uko pale, safu ya tatu, karibu na mstari wa katikati, kwenye viti viwili alivyotuachia baba. Macho yako ndiyo macho yangu. Umeona nini?

Kaka yako,
Lumir


Harwick, Nebraska
Alhamisi, 2 Oktoba

Kaka Lumir,

Salamu zako nimezipokea na goti nimelipa pole. Mimi sijambo. Nyumba haivuji. Mtufaha umezaa matufaha madogo machachu, nimeyapika yote na sukari, na kanisani wanasema hawajala kitu kizuri hivyo, maana yake hawataki zaidi.

Kuhusu mechi: tumefungwa kwa sababu wao walicheza vizuri na sisi tulicheza vibaya. Umekaa huko na vitabu vyako mpaka unaona njama kwenye bakuli la uji. Dwight anayekaa nyuma yangu anasema kocha ameshauriana na wasaidizi wake na mambo yatanyooka. Kulikuwa na upepo. Nilikula supu ya pilipili na mkate wa mdalasini kutoka kwa akina mama wa kanisa, na blanketi la baba nililitandika kwenye kiti chako kama kawaida, asikae mtu.

Usinipigie simu kwa ajili ya mpira. Mama alisema simu ni ya misiba, na mimi nikisikia inalia moyo unaniruka.

Dada yako,
Ardith


Astoria
Jumapili, 5 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na baridi haijaanza kukusumbua. Mimi nipo. Barua yako niliifurahia, ingawa mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa darasa la kwanza. Maneno machache yamekula kurasa nne. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Tumefungwa mara ya tatu sasa. Nilijua unaniona mzee mwenye wasiwasi, kwa hiyo safari hii nilitazama kwa utaratibu. Kila mpira, kabla haujachezwa, nilijiuliza: mimi ningekuwa mpinzani, ningejuaje? Nikaacha kumtazama mrushaji, nikawatazama wale vijana wanene watano wanaoinama mbele yake kumkinga. Yule wa kushoto kabisa, Vondra, mjukuu wa wale Vondra wa duka la mbegu, kuna kitu anakifanya. Nadhani ni mkono. Nadhani akijua tutakimbia na mpira, anaegemea vidole kwa uzito wote. Akijua tutarusha, vidole vinagusa majani tu. Lakini kamera iko juu mno, na kila nikikaribia kuona wananionyesha msichana anayepuliza tarumbeta.

Kutoka safu ya tatu utaona. Jumamosi Ellsford wanakuja. Usimtazame mtu mwingine. Mtazame Vondra, uniandikie.

Kaka yako,
Lumir


Harwick
Jumanne, 14 Oktoba

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo, nashukuru. Kumenyesha mvua ya barafu tangu Jumamosi na bomba la jikoni linalia kama paka, lakini fundi atakuja.

Basi tumefungwa na Ellsford, wewe umeona mwenyewe. Uwanja ulikuwa tope tupu. Jambo zuri pekee lilikuwa lile la kipindi cha tatu, Tolliver alipopokea mpira akakimbia upande wetu mpaka akasukumwa nje ya mstari. Watu walisimama. Nilifurahi kwa ajili yake, mama yake ni mgonjwa.

Kuhusu Vondra: si mkono. Ni mguu. Tukitaka kurusha, mguu wake wa kushoto unarudi nyuma kidogo, kama upana wa kiganja, awe tayari kurudi kinyumenyume. Tukitaka kukimbia, miguu inakaa sambamba. Ndivyo ilivyo. Sasa umepata ulichotaka, ulale.

Dada yako,
Ardith


Astoria
Jumapili, 19 Oktoba

Ardith,

Natumaini una afya. Sitajifanya kwamba niko sawa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na jana tulipofungwa tena sikuwa hata na nafasi ya kuhuzunika, nilikuwa nawaza juu yako.

Aliyekimbia kipindi cha tatu siku ya Ellsford hakuwa Tolliver. Alikuwa Beckwith. Merle ndiye aliyesema Tolliver, kwa sababu namba zilikuwa zimefunikwa na tope, na Merle ni Merle. Lakini mimi niliona kwenye televisheni, na Beckwith ni mrefu kama mlingoti na huvaa soksi zilizoshuka. Alisukumwa nje mbele ya safu yako, akaangukia ndoo ya maji, ikamwagika. Mtu aliyekaa kwenye kiti chako angeloa viatu. Wewe hukutaja ndoo. Hukutaja soksi. Umeniandikia alichosema Merle, pamoja na kosa lake.

Kwa hiyo nikasema, hakuwa uwanjani. Alikaa nyumbani na redio.

Halafu nikakumbuka kitu nilichokiona na sikutaka kukiamini. Beckwith alipoanguka, kamera ilimfuata, na kwa nukta chache niliiona safu ya tatu. Kiti chako kilizibwa na mgongo wa mpiga picha. Kiti changu kilionekana vizuri. Blanketi la baba halikuwapo. Alikuwapo mtu amevaa koti la njano. Njano ya Ellsford, Ardith. Kwenye kiti ambacho hakijakaliwa na mtu tangu nilipoondoka Harwick na sanduku moja.

Sasa niambie. Mtu asiyemtambua Beckwith aliyemwangukia miguuni, ameuonaje mguu wa Vondra uliorudi nyuma kwa upana wa kiganja? Hukuuona. Umeambiwa. Na umeambiwa na watu wanaoujua kwa sababu wanautumia kutupiga.

Viti umewapa wao? Umewauzia? Kama umechoka navyo, ungeniambia. Sheria ya chuo unaijua: viti vya familia vikikaliwa na wapinzani na mtu akapeleka habari, vinachukuliwa. Baba alibeba saruji ya jukwaa lile.

Jibu kwa posta, lakini jibu.

Lumir


Astoria
Jumapili, 2 Novemba

Ardith,

Sijapata barua. Leo ni wiki ya pili. Nimeweka mkono kwenye simu mara kadhaa nikauondoa, kwa sababu ya mama.

Jana tumeshinda. Unajua. Nilitazama miguu tu. Mguu wa Vondra haukurudi nyuma hata mara moja. Alisimama vilevile kila mpira, na wapinzani wakahangaika kama watu waliozimiwa taa. Kuna mtu amemwambia kocha.

Ni wewe?

Kaka yako


Harwick
Alhamisi, 6 Novemba

Kaka Lumir,

Salamu. Natumaini goti linakuruhusu kulala. Mimi nitakuambia ukweli kuhusu afya yangu leo, kwa sababu zile "sijambo" zote zilikuwa za adabu.

Siuzi viti. Ningekufa kwanza, na ungevirithi vyote viwili.

Kaka, macho yangu yameharibika. Katikati pamekufa, pembeni bado panaona. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Nikitazama sikio lake, nauona mdomo kidogo. Daktari wa macho kule Lincoln anasema sitaingia giza kabisa, lakini kilichoondoka hakirudi. Ilianza majira ya kuchipua. Naandika kwa herufi kubwa ili nizione, na barua zako nazisoma kwa kile kioo cha kukuzia baba alichotazamia stempu. Barua moja hunichukua asubuhi nzima. Ile ya tarehe kumi na tisa ilinichukua siku mbili, kwa sababu kila nikifika kwenye "umewauzia" nilikuwa naiweka chini.

Sikukosa mechi hata moja. Natembea kwa miguu mpaka uwanjani, njia naijua. Nakaa kwenye kiti changu na redio sikioni, kama nusu ya jukwaa wanavyofanya, hakuna anayeshtuka. Merle ananiambia, na wakipiga kelele napiga kelele. Ndoo niliisikia. Viatu vililowa. Sikujua ni ndoo.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Shangazi Vlasta alipoanza kusahau jiko, wewe ulimwandikia binamu barua moja nzuri sana, yenye aya zilizopangwa, na kabla ya Krismasi shangazi alikuwa kwenye chumba cha nyumba ya wazee, chenye dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa. Sikukulaumu. Lakini najua kalamu yako inaweza nini. Sitaki chumba. Nataka jikoni langu, na Jumamosi safu ya tatu.

Sasa, koti la njano.

Siku ile ya mvua ya barafu nilikuwa nimetandika blanketi kwenye kiti chako. Akaja mwanamke, nikasikia anapumua kama amepanda mlima. Akasema, "Dada, nipe dakika moja nipumzishe nyonga hii, wenzangu wamenipotea." Akakaa kabla sijamjibu, juu ya blanketi la baba. Niliona njano pembeni mwa jicho. Nilifungua mdomo nimfukuze.

Hapo uwanja mzima ukaguna. Redio yangu ilikuwa inatangaza matrekta. Nikamgeukia Dwight nyuma yangu: "Kumetokea nini?"

Dwight akasema, "Si kitu, mama. Tuko sawa."

Yule mwanamke akasema, "Sawa wapi? Mrushaji wenu amelala chali na mpira tunao sisi."

Dwight akamwambia, "Mama, hapa si kwenu."

"Najua si kwetu," akasema. "Kwetu hatuchezi hivi."

Lumir, sijacheka hivyo tangu kiangazi. Unajua nilitambua nini? Dwight anajua. Wote walionizunguka wanajua sioni, na msimu mzima wamekuwa wakiniambia tuko sawa. Kelele za upande wa pili ndizo zilizokuwa zikiniambia ukweli. Basi huyu mpinzani nikamwambia, "Kaa. Blanketi lifunike nyonga. Niambie kila unachokiona."

Anaitwa Neva Stroud, alikuwa mpishi wa shule. Ameniambia kila kitu, na amenitukania timu yangu kwa heshima zote. Yeye hawajui vijana wetu kwa majina, anasema "yule mrefu wenu, yule mnene wenu," kwa hiyo majina nilikuwa nayachukua kwa Merle. Ndiyo sababu ya Tolliver.

Nilimuuliza juu ya mkono wa Vondra, kama ulivyotaka. Akasema, "Hilo niulize wakimaliza." Filimbi ya mwisho ilipolia, akaniinamia: "Si mkono, dada. Ni mguu. Mjini kwetu hata kinyozi anajua. Mtoto wenu akitaka kurudi nyuma anasimama kama mtu anayeogopa kukanyaga mbwa."

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwenye kile chakula cha mchana ambacho kocha hula na mashabiki, kwenye chumba cha chini ya kanisa, nikasimama wakati wa maswali. Nilimtazama sikio na nikamwambia. Alinishukuru kama mtu aliyepewa keki ya matunda asiyoitaka. Nadhani alikwenda kutazama hata hivyo.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano ni mechi ya mwisho nyumbani. Neva hawezi kuja, nyonga. Nitakwenda na Merle sikioni.

Kama utamwandikia mtu, niandikie mimi kwanza.

Dada yako,
Ardith


Kituo cha treni, Sacramento
Jumatano, 12 Novemba

MDOGO WANGU ARDITH,

NAANDIKA KWA KALAMU NENE NILIYONUNUA HAPA, HERUFI KUBWA KAMA ZAKO. MTU ALIYEKAA KARIBU NAMI ANADHANI NAANDIKA BANGO LA MAANDAMANO.

SALAMU. GOTI LINAUMA. HUKU HAKUNYESHI, KWA HIYO LIMENIDANGANYA.

SIJAMWANDIKIA MTU. SITAMWANDIKIA MTU. JUU YA SHANGAZI VLASTA, ULINGOJA MIAKA MINGI KUNIAMBIA, NA UMENIAMBIA KWA ADABU KULIKO NILIVYOSTAHILI.

TRENI YA MASHARIKI INAONDOKA BAADA YA SAA MOJA. INAFIKA KWETU IJUMAA USIKU. NITAMWOMBA DWIGHT ANICHUKUE KITUONI, NA NJIANI NITAMWAMBIA NENO MOJA KUHUSU "TUKO SAWA".

BARUA HII ITAFIKA BAADA YANGU. USIHANGAIKE NA KIOO CHA BABA. ITAKAPOINGIA KISANDUKUNI NITAKUSOMEA MWENYEWE, JIKONI KWAKO.

BLANKETI USILITANDIKE. KITI KINA MTU. MWANDIKIE NEVA STROUD KWAMBA ATAKAPOKIHITAJI TENA, NITASIMAMA.

NA BECKWITH AKIANGUKIA NDOO, NITAKUAMBIA INUA MIGUU.

KAKA YAKO,
LUMIR