Migongano Niliyoipuuza

Jumatano, baada ya isha

Na sura yenyewe ya tasnifu yangu nimeshaituma kwa msimamizi wangu.

Niliandika humo kwamba ndani ya plazma, ile gesi ya chembe zenye chaji ya umeme, iliyoshikwa na uga wa sumaku, chembe hugongana mara chache mno, kwa hiyo migongano yao inaweza kupuuzwa. Leo nimeiingiza kwenye hesabu, kujiridhisha tu. Nilidhani ikifanya lolote, basi italituliza wimbi linalopita ndani ya plazma hiyo. Wimbi nililodai linafifia likaanza kukua. Nimerudia mara tatu. Linakua.

Mara chache mno. Nilihesabu lini?

Kibaya zaidi, nilishamwambia mama kuwa kazi imekwisha, naye amealika nusu ya kisiwa chetu cha Jibondo kwa dua ya shukrani Ijumaa. Jioni nilimkuta anachambua mchele wa shughuli hiyo. Nikamwambia nimekosea, pengine naanza sura nzima upya, bora awaambie watu wasije.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Waje vilevile, mwanangu. Tutabadilisha nia tu. Tulikuwa tushukuru, sasa tutaomba."

Barua kwa msimamizi nimeianza mara nne. Sijavuka salamu.